Mafunzo Niliyopata Katika Fukwe za Barbados

Barbados ni kisiwa kidogo. Urefu wake ni kilomita 34, upana wake hauzidi 23, na eneo lake lote ni kilomita za mraba 431. Unguja inakizidi karibu mara nne. Kimejitenga upande wa mashariki wa visiwa vya Karibi, ndani kabisa ya Atlantiki, na wakazi wake ni kama 280,000. Hata hivyo mtu anaweza kukaa huko wiki nzima, kila siku akaoga mahali pengine, asikutane na pwani mbili zinazofanana.

Majarida ya usafiri huzipanga fukwe hizo kwa weupe wa mchanga na rangi ya maji. Mimi nimezaliwa Unguja, mchanga mweupe nimeujua tangu utoto. Nilichojifunza Barbados ni kuupima ufukwe kwa maswali mawili: upepo unaupiga kutoka wapi, na nani ana ruhusa ya kuukanyaga. Swali la kwanza linalinda roho ya mwogaji. La pili ndilo lililonifanya nikipende kisiwa kile.

1. Upepo wa kule haugeuki

Sisi watu wa pwani tumezoea kaskazi na kusi. Kuna miezi upepo unatoka huku na miezi unatoka kule, na bahari nayo inabadilika tabia. Barbados haina habari hiyo. Upepo unatoka mashariki mwaka mzima. Umekata Atlantiki yote bila kukutana na ardhi, ukija kutoka upande wa Afrika Magharibi, na kisiwa hiki ndicho cha kwanza kuupokea. Kwa sababu hiyo kina sura mbili ambazo hazibadilishani: mashariki mawimbi, magharibi utulivu.

Magharibi ni parokia za St. James na St. Peter. Huko ndiko kuna Paynes Bay, Gibbes, Mullins na Heywoods. Asubuhi maji yametulia kiasi kwamba mtoto anasimama humo hadi kifuani bila kuyumba, na mtu mzima anaona kucha za miguu yake. Kusini, parokia ya Christ Church, bahari inachangamka kidogo. Ufukwe wa Rockley, ambao wenyeji wote wanauita Accra, una mawimbi ya kuchezea, na pembeni yake kuna njia ya mbao iliyojengwa juu ya mawe, ndefu zaidi ya kilomita moja, ambapo watu wa rika zote hutembea jioni. Ukifika Silver Sands, ncha ya kusini, upepo ni mkali na bahari imejaa watu wanaoteleza kwa matanga na vishada. Kutoka hapo pwani inapinda kwenda St. Philip, yenye majabali marefu na ghuba ndogo chini yake: Crane, Foul Bay, Bottom Bay. Hizo ndizo zinazopigwa picha zaidi, na ni kweli zinapendeza. Mchanga wa Crane una wekundu wa mbali unaoonekana vizuri jua linapopungua. Lakini mawimbi yake yanabeba mtu.

Halafu kuna mashariki kwenyewe, Bathsheba na Cattlewash. Bathsheba ni mahali pa kutazama. Mawe makubwa ya matumbawe yamesimama ndani ya maji, yameliwa chini na mawimbi mpaka kichwa kimekuwa kipana kuliko shina. Hapo ndipo lilipo wimbi linaloitwa Soup Bowl, ambalo Kelly Slater, bingwa wa dunia mara 11 wa kuteleza juu ya mawimbi, amelitaja miongoni mwa mawimbi bora kabisa aliyowahi kuyapanda. Mkondo wake unavuta nje kwa nguvu. Wenyeji hawaogelei pale. Maji yakipungua wanaingia katika vidimbwi vilivyozungushiwa mawe, wanakaa, wanaegemea, na povu linawapitia mabegani. Nilikaa nao, na sijapata mahali pengine ambapo bahari kali inamkanda mtu mgongo bila kumdhuru.

Jambo jingine linalompata mgeni wa kutoka kwetu ni maji kujaa na kupwa. Paje na Jambiani maji yakitoka yanakwenda mbali, mpaka wakulima wa mwani wanatembea kwa miguu kwenda kwenye vigingi vyao, na siku za bamvua tofauti ya maji inafika mita nne. Barbados tofauti hiyo haifiki hata mita moja. Ukiacha vidimbwi vya Bathsheba, huna haja ya kuuliza saa ya maji kabla ya kutoka nyumbani. Lakini usichukue mazoea ya kwetu ukadhani kuna saa ambayo bahari ya mashariki inapoa. Mkondo wa kule unafuata mawimbi, na mawimbi yanafuata upepo ambao haulali. Palipo na walinzi wa waogaji, tazama bendera. Ikiwa nyekundu, kaa mchangani.

2. Hakuna ufukwe wa mtu binafsi

Hili ndilo fundisho ninalolithamini kuliko mengine. Barbados fukwe zote ni za umma. Hoteli inaweza kumiliki jengo, bustani, vitanda na miavuli, lakini mchanga hauna mwenyewe ila wananchi. Hata ufukwe ulio mbele ya hoteli ghali kupita zote katika kisiwa, mtu yeyote anaweza kutandika kanga yake hapo akalala.

Kazi ni kuufikia. Ukipita barabara kuu ya pwani ya magharibi unaweza kwenda dakika kadhaa usiione bahari, ingawa iko hatua chache kutoka dirishani. Kuna ukuta, geti, ukuta mwingine, ua, halafu geti tena. Nilijifunza kutembea taratibu na kutafuta kibao kidogo cha njia ya umma. Njia zenyewe ni nyembamba. Ile niliyoizoea zaidi, karibu na Paynes Bay, ina upana wa watu wawili wanaopishana kwa kugeuza mabega. Kuta za majumba ya kifahari ziko kulia na kushoto, mabogenvilia yameangukia upande wako, mfereji wa maji ya mvua unapita chini, kisha kuna ngazi fupi za saruji zilizoliwa na chumvi, na hapo hapo unakanyaga mchanga. Asubuhi nilimkuta mzee mmoja akishuka ngazi hizo ameshika taulo na sabuni. Alinisalimia, akaniambia anaoga baharini kila siku kabla ya chai tangu alipokuwa kijana. Aliingia majini mbele ya jumba ambalo usiku mmoja wake, nadhani, unazidi mshahara wa mwezi wa watu wengi, na hakuna mlinzi aliyemtupia jicho.

Haki hiyo haijilindi yenyewe. Wabarbados wanagombania hadharani kila njia inayozibwa na kila nafasi ya kuiona bahari inayotaka kujengwa. Hizo nafasi wanaziita madirisha ya bahari, na watu wanazihesabu na kuzitetea moja moja. Wanajua kinachoweza kutokea. Jamaika, ambayo nayo ni nchi ya Karibi, bado inatawaliwa na sheria ya fukwe ya mwaka 1956, ya wakati wa ukoloni, isiyompa mwananchi haki ya jumla ya kuingia ufukweni na kuoga. Huko watu wanapigania mahakamani kuendelea kuoga mahali walipooga babu zao.

Aliyekulia Nungwi, Diani au Watamu haelezwi zaidi. Anajua ukuta unavyosogea, anajua njia ya wavuvi inavyogeuka kuwa mlango wa mgahawa. Kwa hiyo nasema wazi: uzuri wa Barbados umo katika zile ngazi za saruji kuliko ulivyo katika mchanga.

3. Nenda Pebbles kabla ya jua kupanda

Pebbles ni sehemu ya kusini ya ghuba ya Carlisle, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya Bridgetown. Jirani yake ni Garrison, kambi ya zamani ya jeshi la Waingereza, ambayo pamoja na mji mkongwe iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2011. Uwanja wa gwaride wa kambi hiyo ni uwanja wa mbio za farasi tangu karne ya 19, na farasi hao huoshwa baharini.

Wanakuja alfajiri, mwanga ukiwa bado hafifu. Unasikia kwato juu ya lami kabla hujaona kitu. Watunzaji wanawashika kamba fupi, wanawashusha mchangani mmoja baada ya mwingine. Farasi mzoefu anaingia moja kwa moja mpaka maji yanamfika tumboni. Mgeni anasimama ukingoni, anapuliza pua, anarudi nyuma, na mtunzaji anamngoja akimwongelesha kwa sauti ya chini huku akimpapasa shingo. Wakifika kina, miguu inaacha chini na wanaanza kuogelea, vichwa vimeinuliwa, pua zimetanuka, pumzi zinasikika hadi pwani. Pembeni yao wazee wanafanya mazoezi yao majini, wamevaa kofia, wanaongea habari za jana. Hakuna anayemfukuza mwenzake. Wakitoka, farasi wanajikung'uta na kila aliye karibu anarushiwa chumvi.

Hakitozwi kiingilio. Jua likishapanda farasi wamekwenda zao, ufukwe unabaki na watu wa kuogelea. Ndani ya ghuba hiyo hiyo kuna meli kadhaa zilizozama, na baadhi ziko katika maji ya kina kifupi kiasi kwamba mtu mwenye miwani ya kuzamia anaziona akiwa juu. Mojawapo ni Berwyn, iliyozama mwaka 1919. Imevaa matumbawe na samaki wanaingia na kutoka madirishani.

4. Ujue mti wa manchineel kabla ya kuchagua kivuli

Pwani ya magharibi ina miti mingi inayoinamia mchanga, na jua la saa sita linamsukuma kila mtu kwenye kivuli. Mmoja wa miti hiyo ni manchineel. Una majani ya kijani yanayong'aa na matunda madogo ya kijani yanayofanana na tufaha changa, yenye harufu tamu. Matunda hayo ni sumu. Utomvu wake mweupe unababua ngozi na kuleta malengelenge, na ukiingia machoni unaweza kupofusha kwa muda. Hata maji ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye majani yake yanaunguza, kwa hiyo mvua ikinyesha usijibanze chini yake. Moshi wa kuni zake nao unadhuru.

Kwa nini wasiikate yote? Kwa sababu mizizi yake inashika mchanga usichukuliwe na bahari. Mingi imepakwa mstari mwekundu kwenye shina au imewekewa kibao cha onyo. Mingine haina alama. Niliona mama mmoja mwenyeji akimwita mtoto wa kigeni aliyekuwa ameinama kuokota tunda, akamshika mkono, akampeleka kwa wazazi wake na kuwaonyesha ule mti. Hakuwajua wala hawakumjua. Nawe mwonyeshe mwingine.

5. Mwani wa kule haukulimwa na mtu

Kwetu mwani ni kazi, ni ada ya shule na paa la bati. Barbados mwani wa kahawia unaoitwa sargasamu ni balaa. Hauoti chini. Unaelea, unasukumwa na upepo na mikondo, na tangu mwaka 2011 umekuwa ukija kwa wingi ambao wazee wa kisiwa hicho hawakuwahi kuuona. Picha za satelaiti zinaonyesha mkanda wake ukianzia karibu na pwani ya Afrika Magharibi ukavuka bahari mpaka Ghuba ya Meksiko. Mwaka 2018 ulikuwa mbaya mno. Ukirundikana ufukweni na kuoza unatoa gesi yenye harufu ya yai viza, unaumiza kichwa, unazuia boti za wavuvi na kuwazibia kasa njia.

Mara nyingi unakuja kati ya Machi na Agosti, na unaangukia pwani ya mashariki na kusini, kwa sababu ile ile ya upepo. Magharibi inapona kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo asubuhi kabla ya kwenda Crane au Bottom Bay, uliza mtu aliyetoka huko. Dereva wa basi anajua.

6. Zima taa, ng'amba wanapanda

Kasa wa Barbados ni hazina kubwa. Ng'amba wanataga mayai kwenye fukwe za magharibi na kusini, zile zile zenye hoteli nyingi, hasa kati ya Mei na Oktoba, na idadi yao ni miongoni mwa kubwa katika Karibi yote. Haikuwa hivyo zamani. Waliwindwa kwa nyama, mayai na magamba mpaka wakakaribia kwisha. Mwaka 1987 ulianzishwa mradi wa kuwalinda, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha West Indies, na mwaka 1998 kuwakamata kulipigwa marufuku kabisa.

Usiku mmoja nilikuwa nikitembea na wenyeji wangu pwani ya magharibi tukakuta ng'amba ameshapanda. Tulisimama mbali, nyuma yake, bila taa, kama tulivyoelekezwa na kijana wa kujitolea aliyekuwa hapo. Alichimba kwa miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, akikunja ncha yake kama kiganja na kutoa mchanga kidogo kidogo bila kuumwaga ndani tena. Kisha akatulia na kuanza kutaga. Mayai ya ng'amba huzidi 100 kwa kiota kimoja. Alipomaliza alifukia, akapigapiga juu, akarusha mchanga huku na huku kuficha mahali, akageuka kurudi baharini, akivuta pumzi nzito kila baada ya hatua.

Hatari inakuja miezi miwili baadaye. Vifaranga wakitoka usiku hufuata mwanga, na kwa maelfu ya miaka upande wenye mwanga ulikuwa ni bahari. Sasa ni baraza ya hoteli, taa ya barabarani, mgahawa. Wanatambaa kuelekea lami na kufa huko. Ukiwa na chumba kinachotazama pwani, zima taa ya nje na funga pazia. Ukiona kasa au vifaranga, waambie wafanyakazi wa hoteli, maana mradi una simu inayopokelewa saa 24. Mchana utakutana na kasa wengine majini, hasa Paynes Bay na Carlisle, ambako boti za watalii huwarushia samaki ili wasogee. Mimi siafiki kuwalisha. Kasa anayemzoea binadamu kwa chakula anaizoea na injini ya boti. Ogelea ukiwa mbali naye na atapita karibu yako kwa hiari yake.

7. Mchanga una watengenezaji

Sehemu kubwa ya Barbados ni mwamba wa matumbawe ulioinuka kutoka baharini, na mchanga mweupe wa magharibi ni matumbawe yaliyosagwa. Mmoja wa wasagaji ni pono. Anaguguna mwamba kutafuta mwani, anatafuna, na kinachotoka nyuma ni mchanga safi. Ukizama Folkestone, kwenye hifadhi ya bahari karibu na Holetown, unawasikia kwa masikio yako wakitafuna.

Mwaka 1983 ugonjwa uliangamiza katika Karibi yote wale wanyama weusi wa miiba mirefu waliokuwa wakiula mwani juu ya matumbawe, na tangu hapo kazi ya pono imekuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo huko sikumla. Samaki wengine wapo tele.

8. Panda basi, na usalimie

Teksi ni ghali na hazihitajiki sana. Kuna mabasi makubwa ya serikali ya rangi ya buluu, mabasi madogo ya njano, na vigari vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee vinavyoitwa ZR, ambavyo mtu wa daladala atajisikia navyo yuko nyumbani: muziki juu, watu wamebanana, dereva ana haraka. Vituo vina vibao vya aina mbili tu, kwenda mjini na kutoka mjini. Dola ya Barbados imefungwa kwa ya Marekani tangu mwaka 1975, mbili kwa moja, hivyo hesabu ni rahisi.

Ukipanda, sema habari za asubuhi kwa basi zima. Wote watakujibu. Anayeingia dukani au kukaribia meza ya muuza samaki akaanza na shida yake kabla ya salamu anahesabiwa hana adabu, na sisi tuliolelewa na shikamoo hatuna udhuru hapo. Nguo za kuogea ni za pwani, mjini unavaa nguo. Kuoga kifua wazi kwa wanawake ni kosa kisheria. Na jambo ambalo wengi hawalijui: raia haruhusiwi kuvaa nguo za madoadoa ya kijeshi, hata mtoto, hata kofia. Ziache nyumbani.

9. Kula Oistins

Oistins ni mji wa wavuvi kusini mwa kisiwa. Ijumaa usiku kuna umati, moshi na muziki, na inafaa kwenda mara moja. Mimi nilipenda mchana wa siku za kawaida, sokoni, nikiwatazama kinamama wanaotoa miiba ya samaki arukaye. Samaki huyo ni mdogo na ana miiba mingi myembamba. Kisu kinapita kandokando ya uti wa mgongo, kinageuka, kinapita chini ya mbavu, na nyama inafunguka mbili ikiwa nzima. Mikono haisimami na mazungumzo hayakatiki.

Chakula cha taifa ni samaki huyo pamoja na cou-cou. Cou-cou ni ugali wa mahindi uliosongwa na bamia, kwa mwiko mpana wa mti, na kila nyumba ina mwiko wake. Nilipousonga jikoni kwa mwenyeji wangu, mama wa nyumba alisimama pembeni akanitazama, kisha akawaita majirani waje kuona. Mwislamu ajue kwamba nguruwe huliwa sana kisiwani, hasa Jumamosi, hivyo aulize kabla. Bridgetown ina misikiti, kwa kuwa kuna jamii ya Waislamu wenye asili ya Gujarat.

Tarehe 1 Julai 2024 mawimbi ya kimbunga Beryl yaliharibu boti nyingi sana za wavuvi wa Barbados. Anayenunua samaki kwa mvuvi, badala ya kula hotelini kila siku, anamsaidia mtu halisi.

10. Waliofika kabla yetu

Mwafrika akiwa Carlisle hawezi kutazama meli zilizozama tu. Waingereza walikaa kisiwani mwaka 1627, na katika miaka 180 iliyofuata mamia ya maelfu ya Waafrika, wengi kutoka Afrika Magharibi, walishushwa Barbados kulima miwa. Sheria ya watumwa iliyotungwa hapo mwaka 1661 ikawa mfano kwa makoloni mengine. Aprili 1816 watumwa waliasi, wakiongozwa na Bussa, na uhuru kamili ulipatikana mwaka 1838.

Ninamshauri kila anayekwenda kuoga ufukwe wa Miami au Oistins atenge saa moja aende Newton, katika parokia hiyo hiyo ya Christ Church. Ni makaburi ya watumwa wa shamba la Newton. Takriban watu 570 wamezikwa pale, katika kiwanja cha nyasi kisicho na mawe ya kaburi. Nilisoma Fatiha nikakaa kidogo. Kisha nilikwenda baharini, kwa sababu wajukuu wa watu hao ndio walioamua kwamba fukwe za kisiwa chao zisiwe na mwenyewe, na kuoga mahali pale ni kuiheshimu kazi yao.

11. Ushauri wangu kwa mwenye siku chache

Alfajiri Pebbles. Magharibi yote asubuhi mpaka adhuhuri, kabla boti hazijawa nyingi. Bathsheba siku nzima ya katikati ya wiki, kukaa vidimbwini na kutazama. Bottom Bay kwa macho tu, kama hujui bahari kali. Crane kwa anayejua kuogelea kweli kweli. Na kama ni ufukwe mmoja tu, wangu ni Paynes Bay. Nenda kati ya Desemba na Mei, kwani msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba.

Jambo moja ninaomba. Ingia pwani kwa zile njia nyembamba za umma, hata kama mlango wa hoteli uko wazi mbele yako. Ukikuta njia imefungwa kwa mnyororo au imezibwa kwa kifusi, itaarifu taasisi ya serikali inayotunza fukwe na njia zake.